Wakuu, hii pampu ya joto inalipa au tunakwenda kupigwa? Boila letu la gesi linakata roho, nipo Leicester, Uingereza

Mlalahoi wa Leicester | 9 Novemba

Wakuu, habari za baridi.

Boila letu la gesi, ndilo linalopasha nyumba joto, lina miaka 17 na limeanza kukohoa. Fundi aliyekuja juzi alilipiga kofi, likawaka, akaniambia likizima tena nisimpigie yeye, niende dukani. Nyumba ni ya miaka ya 1930, imeshikana na ya jirani upande mmoja, vyumba vitatu, madirisha ya vioo viwili, na dari tuliwekewa sufi ya kioo ya kuzuia joto lisitoroke mwaka juzi. Tupo watano ukimhesabu mama mkwe. Kwa mwaka tunachoma uniti (kilowati-saa) 12,000 za gesi hivi.

Bei nilizopewa: boila jipya pamoja na kazi, pauni 2,700. Pampu ya joto, pauni 11,700, serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500, nabaki na 4,200.

Kazini kuna jamaa anasema pampu ni utapeli mtupu. Mwingine anasema bili yake imekatika nusu. Wote wawili wanaapa. Mwenye uzoefu aniambie, maana hiyo tofauti ya pauni 1,500 kwangu ni nauli ya watu wawili kwenda kuzika au kuozesha.

Kobe Mwendo | 9 Novemba

Nimevuta kigoda.

Fundi Friji Mstaafu | 9 Novemba

Mkuu, kabla hatujafika kwenye pesa tuielewe mashine, maana watu wanaiogopa bila kuijua. Mimi nimepiga kazi ya mafriji Kariakoo miaka tisa kabla sijahamia Manchester. Pampu ya joto ni friji. Nenda sasa hivi kaguse mgongo wa friji lako. Ule umoto umetoka kwenye maziwa na nyama uliyoweka ndani, kompresa imeusomba tu ikauleta nyuma. Sasa chukulia kwamba bustani yako ndiyo ndani ya friji, na rejeta zako za ukutani (yale mabati ya maji ya moto yanayopasha chumba) ndizo mgongo wake.

Mtu ataniuliza: nje kuna nyuzi 2, joto la kusomba liko wapi? Mashine nyingi mpya zinatumia propeni, ndugu wa ile gesi ya mtungi wa kupikia. Propeni ikiachwa huru huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwake yeye asubuhi ya Leicester ni jua la Dodoma saa saba mchana. Inachemka, inabeba joto, kompresa inaikandamiza, inazidi kuwa moto, inamwaga lile joto kwenye maji ya rejeta, inarudi nje kuchukua lingine. Wewe unalipia umeme wa kusomba, joto lenyewe hulilipii. Ndiyo maana uniti 1 ya umeme inaweza kukuletea uniti 3 au 4 za joto.

Ila kupandisha mzigo ghorofa ya pili si sawa na kuupandisha ya kumi. Maji ya nyuzi 35 ni ghorofa ya pili. Maji ya nyuzi 60 ni ya kumi, na kuli anataka malipo ya kumi. Shika hapo, kwa sababu pesa zote zinapatikana au zinapotelea hapo.

Sumu ya Panya | 9 Novemba

"Weka 1 upate 4." Haya maneno nimeshayasikia kwenye upatu, na kiongozi wa upatu hatujamwona hadi leo.

Jirani yangu hapa Coventry alifungiwa hiyo kitu mwaka jana. Bili ya Januari pauni 410, na ndani mtoto kavaa koti. Mlalahoi, nunua boila ulale.

Fundi Friji Mstaafu | 10 Novemba

Sumu ya Panya, nakuamini kabisa. Hebu muulize jirani mambo matatu. Moja, mashine inapeleka maji ya nyuzi ngapi kwenye rejeta? Pili, walibadilisha rejeta yoyote? Tatu, heita ya akiba imewashwa? (Pampu nyingi zinakuwa na kipande cha heita ya kawaida ndani, kama cha birika, kwa ajili ya dharura.)

Sumu ya Panya | 10 Novemba

Nimemuuliza. Kwenye kioo pameandikwa 60. Rejeta ni zile zile za boila. Hiyo heita hajui hata iko wapi.

Fundi Friji Mstaafu | 10 Novemba

Basi jirani yako kapandishwa ghorofa ya kumi, na huenda ananunua joto la friji kwa bei ya birika. Kosa si la mashine.

Iko hivi. Rejeta ile ile iliyozoea kupewa maji ya nyuzi 70, ukiipa maji ya nyuzi 50 inatoa kama nusu tu ya joto iliyokuwa ikitoa. Fundi mwenye adabu anapima kila chumba kinapoteza joto kiasi gani, kisha anasema rejeta hii inatosha, hii itoke iwekwe pana zaidi. Fundi mwenye haraka anaacha zote, anapandisha maji hadi 60, anachukua chake anaondoka. Nyumba inapata joto kweli, ila mwenye nyumba ndiye anayelia mwisho wa mwezi.

Binti Michenzani | 10 Novemba

Assalaam aleikum nyote. Mie pampu ninayo, huu msimu wa tatu, nipo Milton Keynes, nyumba ya miaka ya sabini. Niseme nilichokiona kwa macho yangu.

Mwezi wa kwanza nilijuta. Nilikuwa naiendesha kama boila. Sisi mnatujua: moto unawashwa saa kumi na mbili asubuhi watoto wakioga, unazimwa, unawashwa tena jioni, na mwenye ruhusa ya kugusa kitufe ni baba peke yake. Pampu haitaki hivyo. Ukiizima nyumba ikapoa, ukiiwasha inabidi ikimbie, na ikikimbia inakula. Nikapigiwa simu na binamu wa mume wangu, akaniambia iache iwake mchana na usiku, usiku punguza nyuzi moja au mbili basi. Mume wangu aliona kama nimerukwa na akili. Bili ikashuka.

Maji kwenye rejeta zangu ni nyuzi 35 siku za kawaida, siku ya baridi kali yanafika 45. Mama alikuja kutoka Unguja mwezi wa Disemba, akaishika rejeta, akaniambia, "Mwanangu, hii imekufa." Nikamwonyesha kipimo cha ukutani, nyuzi 21. Hakukubali hadi alipovua sweta mwenyewe.

Ubaya wake niuseme pia. Kama una lile boila la kombi lisilo na tangi, jiandae kupoteza kabati, kwa sababu pampu inataka tangi la maji ya moto. Kabati langu la mashuka na sufuria za biriani limekwenda. Tena zile siku za ukungu, nyuzi sifuri hadi nne hivi, mashine ya nje inaganda barafu, inabidi ijigeuze kidogo iyeyushe. Unatoka moshi mweupe mwingi! Ni mvuke tu, lakini jirani mara ya kwanza alitoka na ndoo. Na yale maji yakimwagika njiani yanaganda, mie nimeteleza nayo. Mwambieni fundi ayaelekeze kwenye kokoto.

Mita yangu mwaka jana ilinionyesha uniti 3.4 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme. Niko radhi? Niko radhi. Nimetajirika? Hapana.

Mlalahoi wa Leicester | 10 Novemba

Dada Binti Michenzani, ahsante sana. Hilo la kabati sitamwambia mtu leo.

Hiyo 3.4 kwa pesa ni kiasi gani? Nataka hesabu ya mtu wa kawaida.

Fundi Friji Mstaafu | 11 Novemba

Tuifanye kwa nyumba yako, bei za Oktoba hadi Disemba 2025 kwa mtu aliye kwenye bei ya kawaida: gesi kama peni 6.3 kwa uniti, umeme kama peni 26.3. Ona ulivyo mlima, umeme ni zaidi ya mara nne ya gesi. Ndiyo maana Uingereza kuna ubishi huu kila mwaka.

Uniti 12,000 za gesi kwa 6.3 ni pauni 756. Ongeza ile ada ya kila siku ya kuwa na mita ya gesi, kama peni 34, kwa mwaka pauni 124. Jumla 880. Hiyo ada unaiaga ukiikata gesi kabisa, jiko likiwemo. Ukibaki na jiko la gesi unaendelea kuilipa, na watu wengi wanasahau.

Boila lako la umri huo tuliwekee asilimia 85, maana yake nyumba inapokea uniti 10,200 za joto. Sasa pampu:

Ikikupa 2.8, unatumia umeme uniti 3,643, pauni 958. Umepata hasara ya pauni 78 kwa mwaka.
Ikikupa 3.5, uniti 2,914, pauni 766. Umeokoa 114.
Ikikupa 4, uniti 2,550, pauni 671. Umeokoa 209.

Hiyo 2.8 sijaiokota. Serikali ilifuatilia nyumba 742 zilizofungiwa pampu nchi hii, na pampu za hewa (zinazosomba joto kwenye hewa ya nje) za katikati ya msururu zilikuwa hapo hapo karibu na 2.8. Kwa hiyo yule jamaa yako wa kazini anayesema utapeli na yule wa nusu bili wanaweza kuwa wakweli wote.

Pauni 114 kwa mwaka dhidi ya tofauti yako ya 1,500 ni miaka 13. Haivutii. Lakini kuna bei za umeme za wenye pampu, saa fulani za usiku na mchana uniti inauzwa rahisi, saa za jioni ghali. Tuseme kwa kujipanga unapata wastani wa peni 19. Pampu ya 3.5 inakuwa pauni 554, umeokoa 326, pesa yako imerudi kabla ya miaka mitano.

Sumu ya Panya | 11 Novemba

Hapo kwenye "kujipanga" ndipo mtu anaamka saa tisa usiku kuoga.

Binti Michenzani | 11 Novemba

Haamki mtu, kaka. Inapangwa mara moja kwenye simu, tangi linajipasha lenyewe usiku.

Mpemba wa Maskati | 11 Novemba

Sie huku Oman mashine ni hiyo hiyo, inalitoa joto chumbani na kulimwaga nje. Kama kuna njia ya kuwatumia, nina la kuwauzia miezi minane kwa mwaka.

Mtoto wa Pangani | 12 Novemba

Wakuu, mimi nipo Trondheim, Norwei. Huku huu mjadala ulishakufa zamani, kuna kama pampu 60 kwa kila kaya 100. Siyo kwamba Wanorwe wana akili kuliko Waingereza. Huku hakuna mabomba ya gesi majumbani, watu walikuwa wanapasha nyumba kwa heita za umeme na kuni. Ukitoka kwenye heita ukaenda kwenye pampu, kila uniti inayookolewa ni faida, wala huhitaji kalamu.

Na nyingi za huku si za maji na rejeta. Ni kiyoyozi cha ukutani, kile kile cha ofisini Posta, kinapuliza hewa ya moto sebuleni. Nyuzi 15 chini ya sifuri kinafanya kazi, ila hakina tena ukarimu wa nyuzi 5. Ikifika 20 chini ya sifuri nawasha na kuni.

Kwa hiyo Mlalahoi, anayekuambia pampu haifai nchi za baridi muulize mbona imejaa kwenye nchi za baridi. Kinachokusumbua wewe ni bei ya gesi yenu.

Mnyalu wa St. Paul | 12 Novemba

Naongezea kutoka Minnesota. Huku tunapasha kwa hewa inayopita kwenye mifereji ya bati, tanuru la gesi liko chini ya nyumba. Kiyoyozi chetu kilipokufa, badala ya kununua kingine cha kupoza tu, nikaweka cha pande mbili. Kiangazi kinapoza. Vuli na masika kinapasha. Januari ikianza kuuma, ikapita nyuzi 10 chini ya sifuri, tanuru linapokea zamu. Gesi huku ni rahisi, sikutaka kuing'oa.

Ile nafuu ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, asilimia 30 hadi dola 2,000, iliwekewa mwisho tarehe 31 Disemba 2025, na mashine ilitakiwa iwe imeshafungwa. Kulipa tu hakukutosha.

Mkinga Asilia | 13 Novemba

Sasa na sisi wa Makete? Huku mwezi wa saba majani asubuhi ni meupe kwa barafu na hakuna anayetuandikia uzi. Tunaota moto wa jiko la mkaa.

Fundi Friji Mstaafu | 13 Novemba

Mkinga, hilo jiko usilale nalo ndani mlango umefungwa. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haionekani, hainuki, mtu anasinzia haamki. Kila mwaka tunazika watu.

Kwako wewe hesabu ni kama ya Mtoto wa Pangani, gesi ya bomba huna. Heita ya kilowati 1 ukiiwasha kwa muda wa saa nne kila jioni ni uniti 120 kwa mwezi, umeshavuka zile uniti 75 za bei nafuu za TANESCO na zinazozidi zinahesabiwa kwa bei ya juu. Kiyoyozi cha inveta chenye uwezo wa kupasha kinatoa joto lile lile kwa uniti kama 35. Lakini angalia kabla hujanunua kama kina upande wa joto, maana vingi vinavyouzwa Dar vinapoza tu. Na kwanza ziba. Nyumba yenye bati bila dari na mlango unaopitisha panya, hata ukiwasha tanuru la kiwanda unapasha joto wilaya nzima.

Mkinga Asilia | 13 Novemba

Dari ipo, panya pia wapo. Nimekuelewa mkuu.

Mlalahoi wa Leicester | 13 Novemba

Fundi, nirudi kwangu. Nitajuaje kama nyumba yangu ni ya 2.8 au ya 3.5 kabla sijatoa pesa?

Fundi Friji Mstaafu | 14 Novemba

Hilo ndilo swali, na jibu lake ni bure. Boila lako bado linapumua? Lina kitufe cha nyuzi za maji yanayokwenda kwenye rejeta. Usichanganye na kile cha maji ya kuoga. Watu wengi wamekiacha kwenye 70 au 75. Kishushe hadi 50. Subiri wiki ya baridi kweli kweli, liache liwake mchana kutwa kwa staili ya Binti Michenzani, kisha tembea na kipimajoto chumba kwa chumba.

Vyumba vyote vikifika nyuzi 20, nyumba yako tayari ni ya pampu na rejeta zako zinatosha. Kikigoma chumba kimoja au viwili, unajua ni rejeta zipi za kubadilisha. Vikigoma vyote, usisaini chochote, rudi kwenye kuta na madirisha.

Na kuna zawadi. Boila la zama hizi, maji yakirudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke ulio kwenye moshi wake unageuka maji na kuacha joto lake ndani badala ya kupaa nalo nje. Utaokoa gesi wakati unafanya jaribio.

Kobe Mwendo | 14 Novemba

Uzi mmoja, nyuzi 50. Nimeshusha la kwangu pia.

Mlalahoi wa Leicester | 17 Januari

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nilisubiri wiki ambayo kioo cha gari kilikuwa kinaganda kila asubuhi. Boila kwenye 50, halizimwi. Siku ya kwanza nyumba nzima ilinilaumu, rejeta zilikuwa vuguvugu tu. Siku ya pili wakasahau. Sebule 20, chumba chetu 20, chumba cha watoto 20 na nusu. Chumba cha mama mkwe, kile cha pembeni upande wa kaskazini, 16 na nusu, na jikoni 18. Mama mkwe nilimrudishia heita yake ya zamani, sitaki kesi. Gesi ya wiki ile ilikuwa kidogo kuliko wiki iliyotangulia yenye baridi nafuu, nilisoma mita mara mbili nikidhani nimekosea.

Nikaita mafundi watatu. Wa kwanza hakuvua hata koti, alihesabu vyumba kwa kidole, akaandika mashine ya kilowati 12. Wa pili hakutokea. Wa tatu alikaa masaa matatu na tepu yake ya kupimia, akauliza unene wa sufi ya darini, akafungua sakafu kidogo kuangalia mabomba, akaniambia nyumba yangu siku ya baridi kali kabisa inapoteza kilowati 6, mashine ya 7 inatosha, rejeta mbili zibadilishwe, na yeye anapanga isizidi nyuzi 45. Na rejeta mbili nabaki kulipa pauni 4,650 baada ya ruzuku. Ruzuku anaiomba yeye, mimi nathibitisha tu.

Nimempa wa tatu. Kazi Aprili, boila likisaidiwa na Mungu hadi hapo. Sikutaka life Januari nikanunua lolote lililopo dukani kwa hofu. Jiko la gesi tunaliuza, ile ada niiage kabisa.

Lililobaki ni tangi. Nimeshamwambia mke wangu kuhusu kabati. Amekubali kwa sharti kwamba sufuria zake zipate rafu yenye mlango, ndani ya nyumba, gereji hataki kuisikia.

Binti Michenzani | 17 Januari

Yuko sawa. Gerejini zinashika kutu. Mie la kwangu tangi limeacha upenyo juu kama futi mbili, fundi seremala akanipigia rafu hapo, na mashuka yanatoka na joto.

Fundi Friji Mstaafu | 17 Januari

Mlalahoi, tuma vipimo vya kabati, upana, kina na urefu hadi dari. Tangi la watu watano ni kama lita 250, tuone kama linaingia kabla hujaahidi rafu.